Nishikie Jina

Mwezi uliopita nilipewa lifti na lori lililotoka kushusha marobota ya tumbaku. Dereva alikuwa na watu mbele, kwa hiyo nilikaa nyuma, juu ya maturubai yaliyokunjwa, na kuanzia Urambo hadi Tabora mjini harufu ile ilinikaa puani. Wewe uliyekulia upande wetu unaijua. Si harufu ya sigara. Ni harufu ya jani lililokaushwa kwa moto wa kuni mpaka likageuka rangi ya asali, tamu kidogo, kavu kidogo, kama mkate uliosahaulika ndani ya sanduku la nguo. Wengi wakiinusa wanakumbuka msimu mzuri, baiskeli mpya, bati jipya juu ya nyumba. Mimi namkumbuka msichana aliyekuwa akikaa kushoto kwangu darasa la nne, na mikono yake iliyokuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku hata siku za Jumapili.

Nimetembea sana. Nimeuza vitumbua stesheni, nimeosha masufuria ya wachimba dhahabu Nzega, nimepikia mafundi wa reli mpya, nimeuza mitumba minadani kuanzia Choma hadi Mpanda. Shule niliiacha darasa la tano, ila kuuliza sijaacha. Nikipanda gari lazima nijue kwa nini breki inapiga chafya, na dereva asiponijibu namgeukia utingo. Kote nilikopita watu wamenipa majina yao: Mama Supu, Dada Mpishi, Mnyamwezi. Jina nililopewa nyumbani wanalijua wachache. Nikiitwa kwa jina hilo siitiki. Nageuka tu, namtazama anayeniita, nasubiri aseme shida yake. Wapo walioona ni majivuno. Si majivuno.

Shule yetu ilikuwa mbele ya Urambo, ndani kabisa, madarasa manne ya tofali za kuchoma na ofisi moja yenye kufuli kubwa kuliko mlango. Kijijini tulikuwa sisi Wanyamwezi, wengi Wamoraviani, na familia zenye asili ya Burundi, Wakatoliki, watu ambao sijaona mfano wao katika kulima tumbaku. Mashamba yao yalikuwa mbali msituni, kwa hiyo msimu wa kuchuma familia nzima ilihamia kambini. Jani likiiva halisubiri mtu. Unalichuma, unalifunga kwenye fito, unalipandisha ndani ya bani, kile kijumba kirefu cha udongo kisicho na dirisha, kisha unawasha moto ambao hautakiwi kuzimika wala kuzidi kwa wiki nzima. Moto ukizimika, jani linageuka jeusi, na mwaka wenu umekwisha. Kwa hiyo kila mkono ulihitajika, hata wa mtoto wa darasa la nne.

Shule nayo ilikuwa na sheria yake. Mtoto asipoonekana siku tatu mfululizo, mwalimu wa darasa alitakiwa kumfuata huko aliko. Akikutwa kambini, mzazi aliitwa mbele ya kamati na mtoto alichapwa mstarini, shule nzima ikitazama. Ndipo sisi watoto tukabuni dawa yetu. Tuliiita kushika jina. Mwenzako akienda kambini, wewe unabaki na jina lake. Likiitwa asubuhi, unaitika. Hatukuona kama ni uongo. Tuliona ni kama kumshikia mtu mfuko wake wakati anafunga kamba ya kiatu.

Msichana yule wa kushoto kwangu aliitwa Jenerosa. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilitokea puani, kama ya mtu mwenye mafua yasiyokwisha. Alijua mambo ambayo mimi sikuyajua, na hilo lilinitesa. Aliweza kubandika kiganja kwenye ukuta wa bani akakuambia kama moto unahitaji gogo au unahitaji kuachwa. Nilitaka kujua anahisi nini hasa kwenye kiganja, na kama ni joto au ni mtetemo, na alifundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani. Mwisho akaacha kuniita Kalunde. Akaniita Kwa Nini. "We Kwa Nini, hebu pumzika kidogo, masikio yangu yamejaa."

Katika daftari la mahudhurio wasichana tulitangulia, tena kwa mpangilio wa alfabeti, na jina la Jenerosa lilikuwa mara tu kabla ya langu. Kwa hiyo kumshikia jina kulihitaji ufundi. Ilibidi niiname nyuma ya mgongo wa aliyekaa mbele, nibane pua na kusema "Nipo, mwalimu" kwa sauti nyembamba, kisha kabla kalamu haijainuka niketi wima na kuitikia langu kwa sauti yangu, ambayo tangu utotoni ni nene. Shija, aliyekaa nyuma yetu, alikuwa hakosi neno. "Kalunde, redio yako leo inakamata stesheni mbili," alininong'oneza, na dawati zima likatikisika kwa vicheko vilivyozuiwa.

Mwalimu wetu, Mwalimu Perpetua, alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwandiko mzuri. Alikuwa akisoma majina bila kuinua macho. Tulidhani haoni.

Mara ya mwisho Jenerosa aliponiomba tulikuwa tumefika pale njia inapogawanyika, yeye aende kambini, mimi niende kwa Bibi.

"Nishikie jina," alisema. "Kesho Baba anapakia bani."

"Siku ngapi?"

"Mpaka likauke."

"Siku ngapi hizo?"

"Kwa Nini ameshaanza. Saba. Nane, labda."

"Na mimi napata nini?"

"Nitakuletea asali."

"Ya kwenye chupa au ya kulamba kwenye kidole?"

"Ya kwenye chupa, mroho wewe."

Alikuwa amejikunyata, mikono ameifumbata kifuani, na akasema kuna baridi leo. Jua lilikuwa linatuwakia utosini. Nilimcheka. Niliona anajifanya binti wa mjini, wale wanaojifunga sweta mabegani hata wakati wa kiangazi. Nilimwambia, "Haya, Mzungu, nenda ukaote moto wa bani," naye akacheka, akaenda. Mara nyingi nimeirudia picha ile ya mikono iliyofumbatwa. Kitu kilikuwa mbele ya macho yangu, mimi niliyejidai nauliza kila kitu, na hicho sikukiuliza.

Nilimshikia jina asubuhi nane. Siku ya kwanza moyo ulinidunda. Siku ya tatu nilikuwa fundi. Kufikia siku ya tano nilianza hata kuongeza madoido, kikohozi kidogo kabla ya "nipo", kwa sababu Jenerosa alikuwa na desturi ya kukohoa. Siku ya sita Mwalimu Perpetua alisimamisha kalamu hewani. Hakuinua macho. Kalamu ilikaa pale kwa muda ambao niliweza kuhesabu nyuzi za kola ya aliyekaa mbele yangu. Kisha akaweka alama ya vema, akaendelea. Nilimgeukia Shija nikamkonyeza.

Asubuhi ya tisa hatukuingia darasani. Tulisimama mstarini mpaka miguu ikauma, na walimu walikuwa wakinong'ona mlangoni mwa ofisi. Baba yake Jenerosa alikuwa ameonekana alfajiri akikimbiza baiskeli kuelekea zahanati, binti yake amefungwa mgongoni kwa kitenge cha mama yake ili asidondoke. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alikufa pale zahanati wakati muuguzi bado anatafuta mshipa.

Mwalimu mkuu alisema, "Mwenzenu mmoja wa darasa la nne hatunaye tena." Akataja jina. Kisha akasema kesho kila mwanafunzi aje na ukuni mmoja na maji kwenye dumu, kwa ajili ya msiba, na sasa tuingie darasani, kipindi cha kwanza ni hisabati. Tuliingia. Tulifanya hisabati. Hakuna aliyetuuliza chochote, na sisi hatukujua kama kuna la kusema. Mimi nilikuwa mtulivu kabisa. Nilijua wamekosea. Jenerosa alikuwa kambini, na jina lake nilikuwa nalo mimi.

Siku ya mazishi tulipanga mstari mrefu, kuni kichwani, dumu mkononi, tukaenda tukiimba. Mama yake alikuwa amekaa chini mlangoni, akirudia maneno yale yale ya Kirundi, "mwana wanje, mwana wanje", mwanangu, mwanangu, bila kulia, kama mtu anayemtafuta mtoto aliyejificha nyuma ya nyumba. Kaburini mwalimu mkuu alikunjua karatasi. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake, na nadhani usiku mzima alikuwa ametafuta la kusema. Alisema marehemu alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu. Kisha akasema, "Na kwa mujibu wa daftari la mahudhurio, muhula huu marehemu hakukosa shule hata siku moja."

Baba yake alikuwa amesimama peku, nyusi zimeungua kwa moto wa bani. Aliinua kichwa. Alimtazama mwalimu mkuu, kisha akamtazama Mwalimu Perpetua, kwa muda mrefu. Nilingoja aseme. Alikuwa naye kambini siku zote zile, alijua. Darasa zima tulijua. Nilimsikia Shija nyuma yangu akivuta pumzi. Baba yake Jenerosa akainamisha kichwa, akatazama udongo.

Ndipo katekista akasema maneno ambayo yamenifuata mpaka leo. Alisema tusilie kama wasio na tumaini. "Mungu amemwita Jenerosa kwa jina lake," alisema, "na yeye ameitika."

Bibi yangu aliyenilea alikuwa na onyo moja ambalo hakuchoka kulirudia kila nilipokwenda kuokota kuni. Ukisikia jina lako linaitwa msituni, usiitike mpaka umwone anayekuita. Alisema ni onyo la tangu wakati wa misafara, babu zake walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Njiani, alisema, kuna sauti zinazoyajua majina ya watu, na mpagazi aliyeitika ovyo ulionekana mzigo wake tu. Nilikuwa nimelisikia onyo hilo mara mia, na sikuwa nimelitilia maanani. Pale kaburini, nikiwa na ukuni wangu, nililielewa lote kwa mara moja.

Mungu aliita Jenerosa. Aliyeitika ni mimi. Asubuhi nane, nimeinama, nimebana pua, bila kumtazama anayeita. Katika asubuhi hizo kuna moja ambayo mwitaji hakuwa mwalimu. Aliuliza kama Jenerosa yupo tayari, na mimi, kwa ajili ya chupa ya asali, nikasema nipo. Nikamtoa.

Usicheke. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na hesabu yangu ilikamilika kila upande.

Kesho yake Mwalimu Perpetua aliingia na daftari kama kawaida, akaketi, akaanza kusoma. Adela. Nipo, mwalimu. Bahati. Nipo, mwalimu. Esta. Felista. Na kwa mazoea, kwa sababu mdomo wa mwalimu unatembea peke yake kwenye orodha aliyoisoma kila asubuhi, akasema, "Jenerosa."

Nje kulikuwa na mtoto wa darasa la kwanza anafagia, na ufagio wake ukasimama. Mwalimu Perpetua aliinua macho kutoka kwenye daftari. Hakutazama nafasi tupu kwenye dawati. Alinitazama mimi. Alifunga daftari, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya darasa, ukutani, na kupitia dirishani tuliona mabega yake yakipanda na kushuka. Jina langu, lililokuwa linafuata, halikuitwa.

Mwalimu mkuu alikuja. Tulimsikia vizuri, alisimama chini ya dirisha. "Mwalimu, machozi tunayaacha nyumbani. Watoto wanakutazama. Shika, ingia darasani." Alikuwa akimpa boksi la chaki.

Tangu siku hiyo hakusoma tena majina. Alituhesabu vichwa, kwa kidole, akaandika idadi. Baada ya wiki alinihamisha dawati, akaniweka pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, na kama nikinyoosha mkono hakunichagua. Nilielewa. Amejua nilichofanya, nilijiambia, na hawezi kuvumilia kuniona. Muhula ulipokwisha alihama. Mwaka uliofuata tulipata mwalimu mwingine, kijana, aliyeanza upya kuita majina, na hapo ndipo nilipogundua kwamba siwezi. "Kalunde." Nilimsikia. "Kalunde! Yuko wapi huyu?" Kila nilipotaka kusema nipo niliona mtu asiyeonekana amesimama nyuma ya mwalimu, anasikiliza. Aliponiona nimekaa kimya, nimemkodolea macho, alisema nina kiburi. Alinichapa, akaniandika mtoro nikiwa nimekaa mbele yake. Baada ya mwezi wa kuandikwa mtoro niliona heri niwe mtoro kweli. Nilimfuata shangazi yangu Kaliua, nikaanza kuosha vyombo mgahawani, na nikaendelea kwenda.

Yote hayo yalipanda nami kwenye lile lori.

Nilipofika sokoni Tabora nilikutana na mama mmoja muuza dagaa, mtu wa kijiji chetu. Tulisalimiana kwa Kinyamwezi, tukaulizana habari za waliokufa na waliooa, na katikati ya habari hizo akasema, akifunga dagaa kwenye gazeti, "Na mwalimu wenu yule mrefu yuko hapa hapa mjini, Cheyo, kwa binti yake. Miguu imemkataa." Sikuwa nimeuliza. Nilipanda bajaji. Niliipita nyumba ile mara tatu kwa miguu, kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga, ndipo nikapiga hodi.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha, ungo wa karanga mapajani, anamenya. Amekuwa mdogo. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, kwamba mtu mrefu kiasi kile anaweza kuenea kwenye mkeka wa mtu mmoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Umesoma kwangu?"

"Darasa la nne. Kule tumbakuni."

Vidole vyake vikasimama. Alinitazama usoni bila haraka. "Wewe ni yule wa maswali," alisema. "Ulikuwa unaniuliza mpaka nikadhani umetumwa na mkaguzi." Tukacheka. Binti yake alitokeza kichwa mlangoni, "Mama, mgeni anakunywa ya rangi au ya maziwa?" na nikasema ya rangi, na chai ikaja, na tukazungumza habari za mvua na za miguu yake. Nilikuwa nimepanga maneno kwa miaka mingi, nikiyapanga upya kila mji. Yalitoka tofauti na nilivyoyapanga.

"Mwalimu, zile siku nane Jenerosa hakuwepo darasani. Mimi ndiye niliyekuwa naitika."

"Najua."

"Baba yake alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilijua tangu asubuhi ya kwanza. Mwanangu, nilikuwa nimefundisha miaka kumi na mbili. Mtoto mwenye sauti kama ya bata mzinga akijibana pua, mwalimu hadanganyiki."

"Mbona uliweka vema?"

Alichukua karanga, akaivunja, hakuila. Alisema mwaka uliotangulia alimfuata mtoto mmoja kambini, akaandika taarifa kama sheria ilivyotaka. Mtoto yule alichapwa mstarini, na baada ya hapo hakuonekana tena shuleni. "Nikaapa sitamfuata mwingine. Nikaona huruma ni kuweka vema na kunyamaza. Siku ya tatu nilitakiwa kwenda. Ningekwenda ningemkuta anatetemeka, na siku ya tatu malaria inatibika. Siku ya sita niliinua kalamu, kitu kikaniambia nenda. Sikwenda. Nilisema, bani bado halijakauka."

Nilikuwa nimedhani nikilisikia neno kama hilo kifua kitakuwa chepesi. Badala yake nilishikwa na hasira ambayo sikujua naitunza. Nilimwambia, kwa sauti ambayo si ya kumwambia mtu mzima, "Ulijua. Ukanihamisha nyuma ya nguzo. Mwalimu, nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilidhani nimemuua mimi."

"Nilikuogopa," alisema Mwalimu Perpetua. "Kila nikikutazama nilisikia ile sauti uliyokuwa unaiga. Ningekuambia nini? Kwamba si kosa lako, ni langu? Ilibidi kwanza nikiri mwenyewe, na hapakuwa na wa kumkiria. Mimi pole niliyopewa ni boksi la chaki." Alifuta macho kwa upande wa khanga. "Hilo silisemi ili unihurumie. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima. Ningekuita pembeni, dakika moja tu. Sikukuita."

Tulikaa. Nilitaka kuondoka na nilitaka kubaki. Kisha akasema kuna jambo jingine, na kwamba akinificha na hilo atakufa vibaya.

"Baba yake alikuja kwangu kabla sijahama. Nilijua amekuja kunilaumu kwa ajili ya lile neno lililosomwa kaburini. Hakulitaja. Alinipa chupa ya asali. Akasema ni ya mtoto mmoja darasani kwangu. Jenerosa alikuwa na homa, hajui mchana wala usiku, lakini kila mara alikuwa anasema asali, asali, msisahau asali. Alikuwa ameahidi. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema jina halisi halijui, anajua tu anaitwa Kwa Nini."

Nilishindwa kutazama popote.

"Sikukupa," alisema. "Ningekupa ningelazimika kusema. Ilikaa kabatini, ikaganda. Nimehama nayo vituo viwili. Mwisho wajukuu waliikuta, wakaila na mkate. Nilitoka nje nisiwaone."

Sijui nililia kwa muda gani. Nakumbuka nilimwuliza, kwa ile tabia yangu isiyonitoka, ilikuwa rangi gani, na akasema nyeusi, ya msituni, chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Nilifurahi kuijua. Mwili wangu wote ulikuwa unataka kujua kila kitu kuhusu chupa ile. Msichana aliyekuwa anaungua kwa homa alikuwa akiniwazia mimi, na baba aliyejua kila kitu aliibeba asali yangu kutoka kambini hadi nyumbani kwa mwalimu, mikononi mwake yeye mwenyewe. Hakuna katika wale wawili aliyekuwa akinidai kitu.

Jua lilikuwa limehama kutoka barazani. Mwalimu Perpetua aliweka ungo kando. Akasema kichwa chake siku hizi kinavuja, jana aliwasahau hata majirani, lakini orodha ile anayo yote. Akasema, "Yale mahudhurio sikuyamaliza." Alifumba macho. Mgongo wake ulinyooka kidogo.

"Adela."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikasema, "Yuko Kaliua, mwalimu. Ana duka la vitenge."

"Bahati."

"Ameolewa Ulyankulu. Ana watoto sita."

"Esta."

"Sijui alipo."

"Felista."

"Anafundisha chekechea Sikonge."

Akatabasamu kwa hilo, macho bado yamefumbwa. Halafu akavuta pumzi.

"Jenerosa."

Safari hii sikusema kitu. Kuku alipita mlangoni akitafuta maganda ya karanga. Mwalimu alisubiri, kama walimu wanavyosubiri, muda wa kutosha kwa mtoto kuinuka kutoka dawati la mwisho. Hakuna aliyeitika. Tuliacha nafasi yake ikae hivyo hivyo, sote wawili, bila kuijaza. Kisha alifumbua macho, akanitazama.

"Kalunde."

Nilimtazama anayeniita. Nilimwona vizuri: khanga, mvi, vumbi la karanga kwenye vidole.

"Nipo, mwalimu."